Kulala Juu ya Tope la Rufiji

Abiria wa mabasi ya Lindi na Mtwara huijua Kibiti kwa korosho za kukaanga zinazopenyezwa dirishani, kisha husinzia. Akija kuzinduka, gari liko juu ya Daraja la Mkapa, mita 970 za zege juu ya maji ya kahawia. Akiwa mtu wa makamo atakumbuka pantoni la Ndundu, enzi ambazo mvua ikizidi watu walilala ukingoni na magunia yao mpaka mto upungue. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, na tangu hapo Rufiji umekuwa mto wa kuvukwa kabla hujamaliza korosho zako. Wachache hugeuza shingo kushoto kutazama unakoelekea.

Unaelekea kwenye mikoko. Maji ya Kilombero, ya Luwegu na ya Ruaha Mkuu, yaliyokusanywa kutoka karibu sehemu moja ya tano ya ardhi ya nchi yetu, yakikaribia bahari hayataki tena kwenda pamoja. Yanajigawa: Simba Uranga, Kikunya, Msala na milango mingine ambayo kila nahodha ana hesabu yake. Kati ya milango hiyo kuna zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mmoja wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Ndani yake mna vijiji, shule, misikiti na makaburi, na hakuna barabara ya gari inayofika kwenye vingi vya vijiji hivyo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Bahari niliyokulia ni ya miamba na mchanga, maji yake unayaona mpaka chini, na ukitia nanga unaiona nanga yako ilipolala. Nilitaka kuona bahari ya namna nyingine. Nilitaka pia, nisiseme uongo, kimya. Niliomba nichukuliwe na mashua ya tanga, tulale ndani ya mashua, popote patakapokuwa na maji yaliyotulia. Ulikuwa mwezi wa kumi, kusi limechoka na kaskazi bado, upepo wa demani usio na ugomvi na mtu.

Safari za delta huanzia Nyamisati. Unaacha lami Bungu, unapita katikati ya mikorosho na minazi, na mwisho wa barabara ni gati. Pale ndipo abiria wa Mafia wanapoondokea, na siku ya chombo kuondoka hakuna mahali pa kuweka mguu: magodoro, matrei ya mayai, kuku waliofungwa miguu, mafundi wanaokwenda kujenga Kilindoni, bibi harusi mmoja na masanduku yake. Mashua yetu ilikuwa pembeni, imelala kwenye tope, na nahodha amekaa kwenye kivuli cha mnazi akinywa chai ya mchaichai.

"Shikamoo nahodha. Tunaondoka saa ngapi?"

"Marahaba. Maji bado yanakuja."

Hakutazama saa. Alikuwa amechomeka kijiti kwenye tope na kila mara alikitupia jicho. Tulikuwa kwenye bamvua, na pwani yetu yote, kuanzia kwetu Tanga hadi huku, bamvua lina ratiba yake: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kwetu hesabu hiyo ni ya wavuvi peke yao. Mwalimu, karani na muuza duka wa Tanga mjini hawana habari nayo. Nyamisati hata mama muuza vitumbua alijua maji yatasimama lini, kwa sababu wateja wake wanakuja na maji na kuondoka nayo.

"Na leo tutalala wapi?"

"Tukiwahi maji, Salale. Tukichelewa, horini."

Tulichelewa. Tulingoja dumu la petroli la mashine ya akiba, na likafika wakati kijiti kimeshaanza kuonyesha shingo. Tulitweka tanga, upepo ukalijaza nusu, na mkondo wa maji yanayotoka ukafanya kazi iliyobaki. Kulia na kushoto ukuta wa mikoko. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mikoko ya kwetu ni vichaka. Hii ni miti. Maji yenyewe yana rangi ya chai ya maziwa. Ukitumbukiza mkono hadi kwenye kifundo huvioni vidole.

Jua lilipokaribia kuzama nahodha alituingiza kwenye hori jembamba, akatua tanga, na baharia wake kijana akasukuma kwa pondo hadi matawi yakagusa foromali. Nanga ya makucha manne ikashushwa omo. Kamba ya pili ikafungwa tezi, kwenye mizizi ya mkoko, ili mkondo usitugeuze usiku. Kisha kijana akatoa magadi mawili, miti minene yenye panda, akayasimamisha ubavuni, moja kila upande. Nikauliza ya nini, na maji yapo. Nahodha akasema nisubiri.

Kwa muda wa saa moja hivi maji yalikimbia kama yaliyoitwa. Mizizi ikajitokeza, kwanza vidole, halafu magoti. Tope likaanza kung'aa. Vikatoka vikaa vidogo vyenye gando moja jekundu, kila kimoja kikipunga mbele ya tundu lake. Mashua ikagusa chini kwa mlio laini, ikainama upande mmoja, magadi yakaipokea. Tukawa tumekaa juu ya nchi kavu isiyokanyagika, katikati ya msitu, ndani ya chombo cha bahari.

Ukitaka kimya, basi ndicho hicho. Hakuna muziki, hakuna bodaboda, hakuna hata mawimbi. Kuna tope linalopumua, maana kila tundu la kaa linatoa mlio wake. Kuna furukombe akilia mara moja kabla ya giza. Na kuna mbu. Baharia alichoma makumbi ya nazi ndani ya sufuria kuukuu, moshi ukajaa, sisi tukakohoa na mbu wakaendelea. Alipika kwenye seredani iliyokalishwa ndani ya kasha la mchanga: wali wa nazi wa mchele wa hukohuko, na kamba aliowanunua kwa mvuvi wa mtumbwi tuliyepishana naye njiani. Aliwamenya kwa kucha ya kidole gumba, akatoa ule uzi mweusi wa mgongoni kwa kuuvuta mara moja tu, akawatia kwenye tui lililoanza kuchemka na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Dar es Salaam nimelipa fedha nyingi kwa kamba wasiofikia robo ya utamu ule. Sehemu kubwa ya kamba wa maji yetu hutoka humuhumu, kwenye matope haya, kwa sababu wadogo wao hukulia kwenye mizizi ya mikoko kabla ya kutoka baharini.

Tulikuwa tunanawa tuliposikia pondo likigonga. Chombo kingine kilikuwa kinaingia horini, kikikokota tumbo lake kwenye maji ya mwisho. Kilikuwa na wanaume wawili, mama mtu mzima, na mwanamke kijana aliyelala chini ya kanga juu ya godoro. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi, mkunga wa kijiji ameshindwa, wanampeleka Nyamisati. Maji yaliwatupa mkono. Kile kipande cha mto kilichobaki mbele yao kilikuwa fungu tupu.

Nahodha aliwaambia wasogee karibu na sisi. Akawapa chai. Mashine yetu, ambayo mchana niliiona ni uhakika wetu, haikuwa na faida yoyote, kwani mashine haiendi kwenye tope. Mama yule hakulia wala hakulalamika. Alikuwa anauliza kitu kimoja tu, kila baada ya muda: "Nahodha, yanarudi?" Na nahodha anachungulia kwa tochi, anasema, "Bado, mama. Yatarudi."

Yalirudi. Karibu saa saba za usiku maji yalianza kupenya kati ya mizizi bila kelele, godoro lile likanyanyuka pamoja na chombo chake, na nahodha akawapa lile dumu la petroli tulilolingoja jioni, kwa sababu wao mashine walikuwa nayo lakini mafuta yalikuwa ya kubahatisha. Wakaondoka wakisukumwa na maji yanayojaa. Mimi sikupata usingizi tena. Kimya nilichokifuata kutoka mbali kinatokana na hilo hilo: maji yasiyopitika. Hori likiwa tulivu kwa mgeni, mwenyeji analihesabu kuwa saa tatu au nne za kukaa bila daktari.

Asubuhi, tukishuka na maji, nahodha alinifundisha msitu. Mkoko wenyewe, wenye mizizi ya kupinda. Msindi, unaonyooka. Mkandaa, ambao gome lake hutia rangi ngozi na nyavu. Mchu, unaopeleka vijiti vyake juu kutafuta hewa. Mlilana upande wa maji mengi, mkomafi wenye tunda kama mpira wa watoto, na msikundazi, ambao huku ni mwingi na kwingine pwani ni wa nadra. Mti ukishakatwa hubadilika jina kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Yeye mwenyewe ujana wake aliutumia kubeba boriti.

Kwa karne nyingi biashara kubwa ya delta ilikuwa boriti. Majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Kuwait yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakapanda na kusi yamejaa miti ya Rufiji, kwani kule jangwani hakuna cha kuezekea. Anayeingia nyumba ya mawe ya Lamu au ya Unguja na kushangaa kwa nini chumba ni kirefu na chembamba, ajue kwamba upana ule ni urefu wa boriti. Mwaka 1939 mwandishi Mwaustralia, Alan Villiers, aliingia humu na jahazi la Kuwait lililokuja kupakia, na kitabu chake kinaonyesha wazi kwamba hakupafurahia: tope, mbu, joto na kazi ya punda. Nilimsimulia nahodha. Akacheka, akasema mgeni huyo alikuwa mkweli, ila alisahau kwamba waliokata miti ile hawakuwa na jahazi la kuwaondoa msimu ulipokwisha.

Serikali imekuwa ikiuangalia msitu huu tangu Wajerumani walipouwekea sheria mwishoni mwa karne ya 19. Leo ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kukata kunataka kibali. Nahodha hana ugomvi na kibali. Ugomvi wake ni kwamba katika maisha yake ameona wakubwa wakiutaka msitu kwa sababu tofauti kila baada ya miaka michache. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuja mradi wa kufuga kamba kwenye maelfu ya hekta za delta, ukaidhinishwa kabisa, na wanakijiji wengi wakaenda mahakamani kuupinga. Mabwawa hayakuchimbwa. Sasa wanaokuja, anasema, wanazungumza habari za hewa ya ukaa, na wao wameambiwa wakae mkao wa kusikiliza.

Salale tulipita maji yakiwa bado na kina. Ni mahali pa mitumbwi na minazi, watoto wanapunga mikono, lakini jina lake limeandikwa kwenye vitabu vya vita duniani kote. Mwezi wa tisa mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka kwenye maficho haya, ikaenda Unguja, na alfajiri ya tarehe 20 ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa bandarini. Kisha mashine yake ikaharibika, ikarudi kujificha katika mikoko. Mitambo yake ikafunguliwa, ikaburuzwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, na ikarudishwa kwa njia hiyohiyo. Walioburuza ni watu wa huku, mamia kwa mamia. Jina la kamanda wa meli, Max Looff, kila mwanahistoria analo. Ya waburuzaji hayapo popote.

Waingereza walizunguka nje ya milango kwa miezi wakishindwa kuingia, kwa kuwa meli zao zilikuwa na kina kirefu na mafungu yanahama. Ikabidi waiteke Mafia wapate pa kurushia ndege, na waletewe kutoka Malta meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizotengenezwa mwanzoni kwa ajili ya mito ya Brazil. Tarehe 11 Julai 1915, kwa kuelekezwa na ndege iliyoruka juu ya mikoko, zikaimaliza Königsberg. Hata hivyo mizinga yake kumi iliokolewa, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko nje ya Ngome ya Yesu, Mombasa, nimewahi kuuona, watoto wanaupanda. Meli yenyewe ilikaa ikioza hapa hadi miaka ya 1960, ndipo tope likaifunika. Nilimuuliza nahodha kama tunaweza kupaona. Akanielekeza kwenye maji ya kahawia yasiyo na tofauti na mengine. "Babu aliwahi kusimama juu ya chuma hicho akitupa kimia," alisema, na kwake hiyo ndiyo habari yenye uzito.

Delta hii haijawahi kuacha kuficha. Mwaka 2017 wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika mauaji ya askari na viongozi wa vijiji, watu wakapigwa marufuku kuendesha pikipiki usiku, na wengine wakahama. Niligusia mara moja, jioni, kwa kijana wa mashua. Alinyamaza, akaendelea kuparua samaki. Sikurudia swali.

Nje ya mlango, mahali maji ya mto yanapochora mstari na maji ya bahari, kuna fungu la mchanga lenye dago. Dago ni kijiji cha msimu: vibanda vya makuti, vichanja vya kuanika ng'onda, mama ntilie wawili, na simu kadhaa zinazoning'inia juu ya mlingoti wa chombo kilichopandishwa, kwa sababu mtandao unashika pale juu tu. Ukitaka kupiga simu unasimama chini ya mlingoti na kupiga kelele. Siri za ndoa za wavuvi wa Unguja, Pemba, Kilwa na Mafia nimezisikia zote pale. Nikakutana na mtu wa Kigombe, kwetu kabisa, akaniuliza habari za mvua kabla ya kuniuliza jina.

"Umeacha bahari yetu, kaka?"

"Bahari yetu imechoka," akasema. "Miamba yetu tuliipiga baruti wenyewe. Huku mikoko bado inazaa."

Mchana, chombo kikiwa kimekauka juu ya mchanga, nahodha alifanya kalafati. Alikunja pamba, akaichovya mafuta, akaisukumiza kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu, tik, tik, kisha akapitisha kidole mstari mzima kama anayesoma. Palipomtia shaka alirudia. Mbao za kwake ni za misumari, lakini zamani vyombo vya pwani hii vilishonwa kwa kamba za nazi. Karibu miaka 2,000 iliyopita baharia mmoja wa Kigiriki aliandika mwongozo wa Bahari ya Hindi na kutaja mji wa biashara wa mwisho kusini, Rhapta, ulioitwa hivyo kwa ajili ya vyombo vyake vya kushona, wenye pembe za ndovu na magamba ya kasa. Wataalamu wengi wanauweka pande hizi. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba Mkukutu, huku Kibiti, akatoa shanga za Kirumi. Mji wenyewe haujaonekana. Kwa tope nililoliona likimeza mti mzima kati ya bamvua na maji mafu, sioni ajabu.

Dagoni pia ndipo habari ilipotufikia, chini ya mlingoti. Nahodha alikuwa amepiga simu Nyamisati. Yule mwanamke wa horini amejifungua salama, mtoto wa kike. Yule wa Kigombe, asiyemjua mama wala mtoto, akatoa changu mkubwa kwenye kichanja na kusema leo hatununui samaki.

Tuliendelea kusini, tukilala kila mara mahali pasipo na jina kwenye ramani yangu ingawa nahodha alikuwa na jina la kila kona. Viboko tuliwasikia usiku zaidi ya kuwaona. Wakikoroma karibu, kijana alikuwa akigonga ubao wa mashua kwa mwiko, nao wakasogea. Nguva hatukumwona. Maji haya ya Rufiji, Mafia na Kilwa ni kati ya mahali pa mwisho Tanzania ambapo bado yupo, na wazee wanaomkumbuka wanamkumbuka zaidi akiwa amenasa kwenye jarife.

Upande wa kusini wa delta, karibu na Mbwera, mandhari yanabadilika. Minazi mingi, mashamba ya zamani, madungu yaliyosimama juu ya nguzo ndefu bila mtu. Dungu ni nyumba ya msimu ya mkulima wa mpunga, ameinua kitanda chake juu ili mafuriko yapite chini na nguruwe asimkute amelala. Bibi mmoja alitukaribisha chini ya mwembe, akatuletea bada na kisamvu kilichoungwa kwa nazi mpaka kinang'aa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka wapi?"

"Tanga, bibi."

"Tanga! Sasa huku umefuata nini, na kamba Tanga wapo?"

Nikamwambia nimefuata utulivu. Alinitazama muda, halafu akasema utulivu anao mwingi, wajukuu wote wako Mbagala.

Ni yeye aliyenieleza vizuri kuliko kitabu chochote jinsi mto ulivyohama. Zamani maji mengi yalipita kwao kusini, yakaosha chumvi mashambani, mpunga ukakubali. Kisha mafuriko ya miaka ya nyuma yakaufungua mto kaskazini, na mwingi wa maji ukaenda huko. Kusini chumvi ikapanda. Wanawe wakafuata maji, na kaskazini wakikuta mikoko wakaifyeka kupata mashamba. Miaka michache shamba linazaa, baadaye magugu na kaa wanaokata miche wanashinda, na wao wanasogea mbele na panga. Watu wa misitu wanawaita waharibifu. Bibi hakukubali wala hakukataa. "Mtu anakula maji yalipo," alisema.

Juu huko, kwenye korongo la Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, nalo ni la megawati 2,115. Umeme huo tunauhitaji, nami ni mmoja wa waliokuwa wakilaani mgao wa umeme. Lakini delta imeumbwa kwa mafuriko na udongo wake, na vyote viwili sasa vinapita kwanza kwenye zege. Aprili 2024 maji yalijaa Rufiji na Kibiti, yakafukuza watu majumbani na kuangamiza mashamba. Serikali ilisema bila bwawa yangekuwa makubwa zaidi. Wananchi wengi waliamini yalitoka bwawani. Bibi hakuingia kwenye ubishi huo. Alisema hivi tu: "Mafuriko ya zamani yalikuwa ya Mungu, ukipata hasara unamshukuru. Ya sasa yana mwenyewe, na mwenyewe hatujui nyumba yake."

Nimesoma maandiko mengi kuhusu delta hii, ya misitu, ya ndege, ya umeme, ya vita vya Wazungu. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, na ni halali yake. Ila katika karatasi zote hizo sijaona ratiba ya boti la wagonjwa. Kwa maoni yangu, kabla ya kuleta hoteli ya mahema kwa ajili ya watu kama mimi wanaotafuta kimya, halmashauri ingeanza na vyombo viwili bapa vyenye mafuta ya uhakika, na kisima kimoja cha maji baridi kwa kila kijiji, maana bado wapo wanaofuata maji ya kunywa kwa mtumbwi na madumu.

Anayetaka kwenda aende, wenyeji wanapenda wageni. Chagua demani au mwanzo wa kaskazi; wakati wa masika usijaribu. Pita kwanza ofisi ya kijiji, na kwa kuwa msitu ni hifadhi uliza taratibu zake kabla hujaondoka Kibiti. Chukua nahodha wa hukohuko, si wa Dar, maana mafungu yanahama na ramani ya simu haina habari. Beba chandarua, maji yako ya kunywa, na petroli zaidi ya unayoihitaji, kwa sababu utakutana na mwenye shida kuliko wewe. Mchele usibebe, nunua kwao.